Kadi ya Bima Niliyoogopa Kuitumia

Kidonge changu cha usiku hakifiki bei ya soda. Shirika la Afya Duniani husema dawa za msingi za kifafa zaweza kupatikana kwa kiasi cha dola 5 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima, na kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangechunguzwa vyema na kupewa dawa inayowafaa. Kwa hivyo kila nikianza kuzungumza habari za bima, hakosekani wa kuniuliza: mama, ikiwa dawa yenyewe ni rahisi hivyo, bima unaitakia nini?

Naitakia kazi. Mtu mzima wa afya yake hukata bima kwa ajili ya siku asiyoijua, siku atakayougua. Mimi siku yangu naijua. Ni leo, na kesho, na kila usiku nikitaka kulala. Bima ndiyo inayoamua kama nitameza dawa ninayoimudu au dawa inayonifaa, na dawa ndiyo inayoamua kama nitakuwa macho saa nne asubuhi msimamizi anapopita. Kazi nayo ndiyo inayolipa bima. Likikatika moja kati ya hayo matatu, mengine hayakai muda.

Mimi ni fundi cherehani, Malindi, mama wa watoto wawili. Kifafa kilinipata utotoni baada ya malaria iliyonipanda kichwani. Bibi yangu mzaa mama hakuikubali habari ya malaria. Alisema ni nyuni, yule ndege wa shari anayepita juu ya nyumba yenye mtoto na kumwachia degedege, nikafungwa hirizi na kufukizwa. Simlaumu, Mungu amrehemu. Alitumia alichokijua, na ni yeye huyo huyo aliyenipeleka hospitali hirizi zilipokwisha. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Wellcome Trust wako Kilifi tangu 1989, na sababu walizoziona za kifafa kuwa kingi huku kwetu hazina ndege ndani yake: malaria kali ya utotoni, matatizo wakati wa kuzaliwa, vimelea vinavyofika ubongoni, kuumia kichwa. Waligundua pia kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa katika eneo walilolichunguza hawakuwa wakipata matibabu yanayostahili. Nusu hiyo ndiyo inayotafuta kazi ikiwa bado inaanguka.

Na kazi zenyewe ni zipi? Tazama kijana wa pwani ambaye hakufika mbali shuleni anavyojipatia riziki. Akiwa mvuvi, yuko majini. Akiwa mgema, yuko juu ya mnazi. Mpishi yuko mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Wa bodaboda na wa tuktuk wako juu ya magurudumu, wa mjengo yuko juu ya jukwaa la miti. Maji, urefu, moto, magurudumu: ukiviondoa hivyo vinne hubakiwi na kazi nyingi, na hivyo vinne ndivyo ambavyo daktari humkataza mtu ambaye kifafa chake hakijatulia. Kazi ya kukaa kitako kivulini, mbali na jiko, ni ya wenye vyeti, na wengi wetu vyeti tulivikosa kwa sababu tulirudishwa nyumbani tukiwa darasa la tatu au la nne, mwalimu akiogopa tusije tukafia mikononi mwake. Mimi nilisalimishwa na shangazi aliyekuwa na cherehani.

Hoteli moja ya ufukweni ilinichukua katika stoo ya mashuka. Kazi yangu ilikuwa kukunja pindo, kutia viraka mapazia, kupunguza sare za wahudumu wapya. Kazi nzuri, naikumbuka kwa heri. Mshahara ulikuwa kwenye lile daraja la NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, la kati ya shilingi 15,000 na 19,999, kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nilikatwa 600. Nilikuwa na kadi, jina langu limeandikwa, na watoto wamo.

Kadi hiyo sikuitumia kwa kifafa.

Nieleze, maana hapa ndipo watu wa bima na watu wa serikali wanaposhindwa kutuelewa. Kwa matibabu ya nje, mwanachama alitakiwa kuchagua kituo kimoja. Wafanyakazi wa hoteli yetu karibu wote walichagua kliniki moja iliyokuwa njiani, na dada wa mapokezi pale alikuwa mke wa msimamizi wetu wa usafi. Ningefika na kadi, ningeulizwa nimekuja na shida gani, na kabla ya chakula cha mchana stoo nzima ya mashuka ingekuwa na habari. Basi kwa homa na kikohozi cha watoto nilitoa kadi. Kwa kifafa nilipanda matatu kwenda mji mwingine, nikalipa taslimu, nikatia vidonge kwenye chupa ya dawa ya kichwa. Wenzangu wenye kifafa walioajiriwa hotelini na viwandani, tukikutana kliniki, wengi wana hadithi kama hiyo. Mameneja, waliokatiwa bima ya kampuni binafsi, hawakuwa na afadhali: fomu yao iliuliza waziwazi kama mtu ana maradhi ya kudumu, na ilirudishwa mkononi mwa karani wa ofisi ya wafanyakazi. Ukiandika ndiyo, umemwambia mwajiri. Ukiandika hapana, kampuni ina haki ya kukataa kukulipia siku utakayolazwa.

Bima inayopitia mlangoni kwa mwajiri ina macho. Mwenye kisukari pengine hajali. Mwenye kifafa anajali sana, kwa kuwa ugonjwa wake bado una minong'ono ya mapepo na watu wanaodhani povu la mdomoni huambukiza. Haliambukizi.

Sasa nirudi kwa dawa. Nilikuwa natumia fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, ya bei ndogo kuliko zote. Inazuia kuanguka, sikatai. Lakini kuna watu inawalegeza, na mimi ni mmoja wao. Asubuhi kope nzito, uzi hauingii tunduni, mtu akiniita naitika baada ya kitambo. Pale kazini niliitwa mvivu, tena kwa mzaha, na mzaha wa kazini ukirudiwa huingia kwenye faili. Daktari alinieleza kwamba karbamazepini huenda ingeniacha na akili nyepesi zaidi, ila ni ya mara mbili kwa siku na bei yake imepanda ngazi. Kwa kadi iliyokuwa mkobani mwangu pengine ningeipata bila taabu. Kwa taslimu sikuimudu. Kwa hiyo nikabaki na kidonge rahisi, na usingizi wake, na jina la uvivu, huku nikikatwa shilingi 600 kila mwezi.

Aliyewahi kufanya kazi hoteli za pwani anajua msimu. Desemba wageni wamejaa hadi hakuna shuka la kuokota. Mvua za masika zikija, Aprili mpaka Juni, nusu ya wafanyakazi huambiwa wakae nyumbani bila malipo mpaka waitwe. Mshahara ukisimama, mchango unasimama. Hayo ni mazito kwa kila mtu, lakini shinikizo la Desemba lina sumu yake kwa mwenye kifafa, nayo ni kukesha. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoleta degedege kwa haraka hata kwa mtu anayemeza dawa bila kuruka. Tulipangwa zamu ya usiku. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu yangu nilikuwa nimeificha kwenye chupa ya dawa ya kichwa.

Nilianguka alfajiri, kati ya mikokoteni ya taulo. Nilisimuliwa baadaye kwamba mmoja alileta kijiko anitie mdomoni, mwingine akaninusisha kiatu, na kijana wa dobi, ambaye mdogo wake ana kifafa, akawafukuza wote. Alinigeuza ubavu, akaweka taulo chini ya kichwa, akatazama saa. Ndivyo inavyotakiwa. Usimtie mtu kitu mdomoni, usimkandamize mikono. Mgeuze ubavu degedege likipungua, mwondolee vya kumjeruhi, na likipita dakika 5 tafuta gari la hospitali. Yule kijana alifaa kulipwa mshahara wa muuguzi.

Wiki hiyo hiyo nilipewa barua. Ilisema mkataba wa msimu haungerefushwa, kwa usalama wangu mwenyewe.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haikubali jambo hilo kirahisi hivyo. Kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumfukuza mtu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya afya yake, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa yenye malipo: siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, kwa uchache, akileta cheti cha daktari. Nimevikariri vifungu hivi kwa sababu wasichana wengi huja kuniuliza. Mimi sikwenda mahakamani. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, na wakili halipwi kwa viraka vya mapazia.

Mtu akishatoka kazini, NHIF ilimruhusu kuendelea kwa hiari: shilingi 500 kwa mwezi, na faini ukichelewa. Miezi ya Idi na harusi, kazi ya kushona ikiwa nyingi, nililipa kwa furaha. Miezi mingine kodi ilitangulia. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli nyingi, wenzangu wa zamani wakaanza kunipigia simu wakiuliza mtu asiye na mwajiri analipaje bima. Niliwaelekeza mmoja mmoja. Baadhi yao hawakujua kama kuna maisha nje ya karatasi ya mshahara.

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena. Mahali pake pana Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa sheria iliyopitishwa 2023. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwenye mshahara mdogo huo ni unafuu: aliye na shilingi 20,000 sasa anakatwa 550, ambapo zamani alikatwa 750. Wa shilingi 100,000 ndiye aliyepanda, kutoka 1,700 hadi 2,750, na kelele nyingi ulizozisikia zilikuwa zake.

Sisi tusio na mwajiri tunapimwa uwezo. Unabonyeza *147# au unamwona wakala, unaulizwa ukuta wa nyumba yako ni wa nini, unapikia nini, choo kikoje, una mifugo gani. Mashine inakadiria kipato chako, kisha unatajiwa mchango wa mwaka, na unatakiwa kuulipa wote kwa mkupuo. Aliyekadiriwa kiwango cha chini kabisa anadaiwa shilingi 3,600. Kwa mwenye mshahara hizo si pesa nyingi. Kwa fundi wa mtaani ni kitambaa cha madera kumi, na kitambaa ndicho mtaji. Mwaka 2025 ulikuja mpango wa kukopeshwa mchango huo na kulipa kidogo kidogo, Lipa SHA Pole Pole, nao umewasaidia baadhi. Lakini niseme ninavyoona: swali la choo halimjui mwenye kifafa. Jirani yangu na mimi tuna kuta sawa na jiko sawa. Yeye akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, anafanya 26. Mimi nikianguka Jumatatu, Jumanne nimelala kama niliyepigwa, Jumatano mkono unatetemeka. Mashine haina pa kuandika Jumanne na Jumatano.

Sehemu ya mpango mpya ninayoisifu bila kusitasita ni ile isiyotegemea mchango. Matibabu ya nje katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi, unaotoka kwa serikali. Unachohitaji ni kuwa umesajiliwa. Hakuna mwajiri hapo katikati. Naingia zahanati ya mtaani, naandikiwa, naondoka, na karani wa hoteli yoyote hana habari. Vidonge vikiwapo, mimi ni mfanyakazi kama wengine. Visipokuwapo, na kuna miezi havipo, narudi dukani kwa pesa zangu. Ukinipa nichague kati ya kadi yenye ahadi za upasuaji wa mamilioni na zahanati isiyokosa vidonge mwaka mzima, nachagua zahanati, tena bila kuuliza bei. Mtu wa kifafa akikosa dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo, na hapo ndipo hospitali kubwa inapohitajika, na kitanda, na ile kadi.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Katiba ya 2010, katika ibara ya 260, inaufasiri ulemavu kuwa ni pamoja na hali au ugonjwa unaoathiri shughuli za mtu za kila siku kwa muda mrefu, au ambao sehemu kubwa ya jamii inadhani unaziathiri. Soma tena maneno ya mwisho. Hata ukiwa huanguki tena, ikiwa watu wanakutendea kama anayeanguka, Katiba imekuona. Mwenye kifafa anaweza kuomba tathmini hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nilikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, madaktari walikuwa na adabu. Faida kubwa inayotangazwa ni kwamba aliyesajiliwa huweza kusamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Nilicheka nikiwa peke yangu kwenye matatu. Anayepata chini ya shilingi 24,000 kwa mwezi tangu mwanzo halipi kodi hiyo. Msamaha umeandikwa kwa mwenye kifafa aliye meneja wa benki, nami namtakia heri popote alipo. Chenye uzito zaidi kwangu ni sheria ya watu wenye ulemavu ya 2025, inayowataka waajiri wenye watu 20 na zaidi kuwatengea asilimia 5 ya nafasi za kazi. Hotelini kwetu tulizidi idadi hiyo jikoni peke yake.

Siku hizi nina chumba cha biashara, cherehani mbili na wasichana wawili ninaowafunza. Cherehani ninayokalia mimi ni ya kukanyaga. Niliuza ya umeme kwa sababu ya kanyagio lake: nikianguka mguu ukiwa juu yake, sindano haisimami. Hii ya miguu ikikosa nguvu yangu inakufa palepale. Pasi ya makaa siigusi, ni ya wasichana, na meza imewekwa pembeni ili nyuma yangu pawe na mkeka, si sakafu ya saruji. Nameza karbamazepini sasa. Mwezi wa Ramadhani namezea futari na daku, kwa mpango niliopangiwa na daktari, si kwa kujiamulia, na daku nikishaila nalala tena hata kama mteja ana harusi. Hakuna lolote katika mpangilio huu ambalo hoteli ingeshindwa. Mkeka, mguu badala ya umeme, na kuniondoa zamu ya usiku. Gharama yake haifiki bei ya mapazia ya chumba kimoja cha wageni.

Mmoja wa wale wasichana ana kifafa pia, ndiyo maana mamake alimleta kwangu. Mwezi uliopita aliniletea fomu ya kiwanda cha nguo cha Mombasa, kidole chake kikiwa juu ya swali la maradhi ya kudumu. Shangazi, niandike? Nilimwambia aandike, lakini lisiende neno lile peke yake. Tulikwenda kwa daktari wake akaandika barua: anatumia dawa gani, mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini, kazi ya cherehani anaiweza, zamu ya usiku na kupanda ngazi asipewe. Fomu tuliifotoa kabla ya kuipeleka, na barua vilevile. Wakimchukua, mchango wa SHA watamkata wao, asilimia 2.75, nayo ni haki yake kutumia akilazwa. Dawa za kila mwezi nimemwambia aendelee kuzichukua zahanati ya kwao. Mamake anaona tungenyamaza tu. Bado tunabishana naye.